Tofali la Sitini na Saba

Alby, 18 Agosti 2024

Kwa Olive,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Nimehesabu. Tangu uondoke Januari tumepigiana mara kumi na moja, na mara tisa mmoja wetu alikata kabla ya kuaga. Karatasi haikatwi. Utaisoma hadi mwisho hata ukiwa na hasira, halafu utanijibu kwa karatasi, na utanijibu kwa Kiswahili. Ukikasirika unakimbilia Kiswidi, na mimi katika Kiswidi ni mtu wa kusema ndiyo na asante.

Ya chuo nayasema mara moja, kisha nayaacha. Uhandisi ni miaka mitano. Ulimaliza mitatu, ikabaki miwili, na hiyo miwili umeibadilisha na Roma. Watu pale kituo cha Hallunda wakiniuliza binti yako anasoma nini siku hizi, nasema majengo. Wakiuliza majengo gani, naangalia kama metro inakuja. Niseme nini? Kwamba nimebeba matofali ya watu miaka kumi na minne katika nchi hii ili mtoto wangu akatazame matofali ya waliokufa zamani? Mteja wako atakuwa nani, mama? Hao hawajengi tena.

Basi, yameisha. Sasa habari yangu.

Nimepata kazi kwa jina langu mwenyewe. Unajua jinsi tunavyosali ndani ya ule ukumbi wa michezo, mchungaji Eliud akihubiri chini ya goli la mpira wa kikapu. Sasa kanisa limepewa karakana ya zamani ya mhunzi kule Spånga, jengo la matofali linalolindwa na sheria. Tao la mlango mkubwa lilikuwa limeanguka. Kampuni inayosimamia ukarabati ilitafuta mtu wa kulijenga upya kwa chokaa, siyo saruji. Mafundi watatu walikataa. Mimi nikasema naweza. Wakauliza nilijifunza wapi. Nikasema Bukavu, misheni, kwa Fundi Janvier. Waliangaliana, lakini muda ulikuwa umewaishia.

Mlango una upana wa mita tatu na sentimita ishirini. Nusu duara. Nilikaa mezani na penseli: mzunguko wa ndani ni mita tano na milimita ishirini na saba. Tofali la hapa lina unene wa milimita sitini na mbili. Weka chokaa milimita kumi na tatu, unapata sabini na tano. Gawanya. Sitini na saba. Sitini na nane haifai, kwa sababu lazima ibaki moja: thelathini na tatu kushoto, thelathini na tatu kulia, moja juu katikati. Hilo la juu ndilo la mwisho kuwekwa. Janvier alikuwa akiliita mamamkwe: familia mbili zinamsukuma, huyu huku na huyu kule, na kwa sababu zinamsukuma nyumba inasimama. Mama yako hapendi mfano huo.

Mamamkwe nimemkaza juzi, Ijumaa. Tao bado limelalia kiunzi cha mbao, na litakilalia wiki nyingi, maana chokaa haina haraka. Mbao zikiondoka ndipo mtu anajua kama amejenga tao au rundo. Lakini kwenye uzio, upande wa barabara, kuna ubao: FIDÈLE MURHULA, KAZI ZA MATOFALI. Mama yako aliupiga picha tatu.

Wewe uliye maktaba kwenye viti laini, niambie hao Waroma wako walikuwa wakifanyaje. Angalau huko mikono yako ni safi. Nilikuahidi ukiwa na miaka saba, siku ile ngozi ya vidole vyangu ilipobaki kwenye taulo: mkono wako hautaliwa na chokaa. Hiyo ahadi nimeitimiza.

Baba yako,
Fidèle


Roma, 29 Agosti 2024

Papa,

Nimesoma hadi mwisho. Nilisimama mara moja tu, pale penye matofali ya waliokufa. Nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Unauliza wateja wangu ni nani. Wiki iliyopita nilikuwa Ostia, mji wa bandari wa Roma ya kale, nusu saa kwa treni. Nilidhani nitakuta mahekalu. Papa, nilikuta Alby. Nyumba za matofali za ghorofa, moja imeegemea nyingine, chini maduka, juu wapangaji, ngazi ya pamoja na ua wa pamoja. Kuna uwanja ambao sakafu yake ina picha za vijiwe vyeupe na vyeusi, kila ofisi na picha yake: hawa ni watu wa kule Afrika wanaoleta ngano, hawa ni wa mji mwingine. Wageni watupu. Bila shaka walikuwa na lugha yao ya kukutana, na watoto waliowajibu kwa lugha nyingine. Nilikaa pale kwenye kizingiti cha duka nikala mkate wangu, nikajiona niko nje ya kituo cha metro nakusubiri.

Na kuna hili ambalo ulipaswa kuliona wewe. Ukiokota tofali la Kiroma, mara nyingine lina muhuri uliogandamizwa kabla halijachomwa. Jina la mwenye tanuri, na mara nyingine jina la aliyesimamia kazi. Wapo wanawake humo. Wapo waliokuwa watumwa. Mfalme aliyeagiza jengo, ungemjua tu kwa kusoma juu ya mlango. Lakini jina la fundi wa matofali limo ndani ya ukuta, halimwombi mtu ruhusa. Nilipoliona nikakumbuka ile miaka kumi na minne yako, nyumba zote ulizotuonyesha kutoka dirishani, "hiyo ni yangu, na ile," na hakuna hata moja yenye jina lako. Nimefurahi kwa ajili ya ubao.

Kuhusu tao: wanasimulia hapa, sijui kama ni kweli, kwamba mbao zilipoondolewa mjenzi alilazimika kusimama chini ya tao lake. Walimu hucheka wakisimulia. Mimi sikucheka.

Mwandiko unisamehe. Kalamu za huku zinateleza.

Msalimie Mama.

Olive


Alby, 7 Septemba 2024

Olive,

Barua imefika. Asante kwa habari za Ostia.

Hiyo ya kusimama chini siyo hadithi ya walimu. Janvier alitufanyisha. Yeye hakusema ni ya Waroma, alisema ni ya mafundi. Mbao zikishatoka, sufuria la maharage na bugali linaletwa, na wote waliojenga wanakaa chini ya tao wanakula mpaka sufuria liishe. Asiyekaa hakuheshimiwa na mtu tena. Mimi nimekula chini ya matao manne.

Nina maswali matatu. Naulizia tu.

Moja. Hizo kuta za huko, ukiangalia kwenye chokaa kati ya tofali na tofali, ni laini nyeupe yote sawasawa, au kuna madonge? Madonge madogo meupe, kama punje za wali zilizoangukia kwenye maharage.

Mbili. Kama yapo, wanaojua wanasema yanatokana na nini?

Tatu. Je, kuna mahali hayo yameandikwa, na mtu mwenye cheo?

Hapa kila kitu kinaendelea vizuri.

Mwandiko wako umelala upande wa kulia, wakati tangu utoto ulilala kushoto. Nunua kalamu nyingine.

F.


Alby, 9 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi Olive,

Papa Olive yuko Spånga. Naandika haraka kabla hajarudi, na hii nitaiposti mwenyewe nikienda zamu.

Hakuna kinachoendelea vizuri.

Anton, yule mhandisi wa kampuni inayosimamia, alipita Jumanne ile ya tarehe tatu. Akachokonoa chokaa kwa bisibisi akaona madonge meupe. Akamuuliza baba yako: umechanganyaje hii? Unajua alimjibu nini? "Vizuri." Basi. Akachukua timazi lake akaenda upande wa pili wa jengo. Nikamwambia, Papa Olive, mtu amekuuliza swali la kazi, jibu gani hilo. Akasema: miaka kumi na minne hakuna aliyeniuliza najua nini, na wa kwanza ananiuliza akiwa na bisibisi mkononi.

Anton akaandika kwamba mchanganyo haukuchanganywa sawasawa, ni uvivu au kutojua, tao libomolewe kabla ya baridi. Kipande kimepelekwa maabara. Mkaguzi wa majengo ya kale, mama mmoja anaitwa Tereza, ataamua tarehe ishirini na saba. Likibomolewa, kazi inapewa mtu mwingine, na nani tena atampa baba yako kazi kwa jina lake? Kanisani wameanza kumwambia "Mungu yupo", na unajua wakianza hivyo.

Ule ubao kwenye uzio hakuuondoa mtu. Aliuondoa mwenyewe. Uko nyuma ya kabati letu, umegeuziwa ukutani. Kila asubuhi anaondoka saa ile ile na chakula chake, metro, kisha treni, anakwenda kukaa chini ya kile kiunzi. Hana cha kufanya pale. Anarudi saa kumi na moja kama mtu aliyefanya kazi.

Usimwambie nimekuambia. Akijua unajua, atakonda.

Sasa la pili, na hapa najiongelea mimi. Nafanya kazi na wazee miaka kumi na moja. Najua harufu ya dawa ya kuungua hata ikipita mlangoni. Barua yako inanukia hiyo. Na mwandiko ule siyo kalamu, ni mtu anayeandika huku kidole kimefungwa. Baba yako amesema kalamu, mimi nimenyamaza. Una nini mkononi, mama? Usiponiandikia ukweli nitapanda ndege, na unajua nilivyo kwenye ndege.

Mama yako,
Hortense


Roma, 18 Septemba 2024

Papa,

Umeniuliza maswali matatu na kusema unaulizia tu. Hujawahi kuulizia tu maishani mwako. Kwa hiyo nimejibu kama mtu anayejibu kazi.

La kwanza. Yapo. Nimezunguka siku nne na kamera na rula. Ndani ya bahasha kuna picha kumi na mbili za kuta kumi na mbili, kila moja nyuma imeandikwa mahali na umri. Ukuta mchanga kuliko zote una miaka elfu moja na mia saba na zaidi. Nilichora mraba wa kiganja kwenye chokaa na kuhesabu madonge: palipo na machache palikuwa na tisa, palipo na mengi thelathini na moja. Hakuna ukuta uliokuwa na sifuri.

La pili. Yanatokea fundi anapochanganya chokaa ambayo haijazimwa kwa maji, ikiwa bado mawe, moja kwa moja na mchanga, halafu anatia maji. Inachemka yenyewe. Ikipoa, vipande vidogo vinabaki havijayeyuka. Zamani hata wasomi waliandika kwamba ni uzembe wa vibarua wa Kiroma. Siku hizi wapo watafiti wanaosema kinyume: ukuta ukipata ufa, maji yakiingia, yanayeyusha donge lililo karibu, na lile donge linakwenda kuziba ufa. Fundi wangu anasema ukuta una akiba yake mfukoni.

La tatu. Imeandikwa, na watu wenye vyeo. Nimeweka nakala, nimepigia mstari.

Papa, umeona nimeandika "fundi wangu". Nilikaa na hilo neno jioni nzima nikifikiria kulifuta.

Siko maktaba. Nilikuwa maktaba Januari hadi Aprili. Tangu Mei niko na kikundi kinachokarabati ukuta mmoja wa zamani nje ya mji. Anayetuongoza ni mwanamke anaitwa Kamila, ana miaka sitini, na vidole vyake ni kama vyako. Nabeba ndoo. Nachekecha mchanga. Nazima chokaa. Mwezi wa nane niliinua mfuniko wa pipa mapema mno, ikanirukia mkono wa kulia, vidole vitatu na kiganja. Ndiyo maana mwandiko umelala. Siyo kalamu. Nimepona karibu chote, leo naandika bila bandeji na unaona herufi zimerudi kushoto.

Sikukuambia kwa sababu ya taulo lile. Nalikumbuka. Lakini Papa, mimi nakumbuka siku hiyo hiyo kitu kingine. Kabla ya taulo ulinibeba mabegani ukanionyesha tao la misheni kwa chini, ukaniambia weka mkono hapa, nikaweka, ukasema halijashikwa na chochote ila lenyewe. Nilikuwa na miaka saba. Chuoni nilikaa miaka mitatu nikikokotoa nyumba ambazo sikuwahi kuzigusa. Sikuacha kujenga. Nilikwenda kuanza.

Na kama kuna mtu huko anayekuuliza unachanganyaje, usimjibu "vizuri". Una daftari. Najua unalo, hujawahi kufanya kazi bila daftari. Mpe alisome.

Olive


Spånga, 27 Septemba 2024, saa mbili asubuhi

Olive,

Yako ilifika jana. Kuhusu mikono yako sitasema kitu sasa. Nitasema baadaye, na kwa kirefu.

Mkaguzi anakuja saa nne. Nina daftari. Nina picha zako kumi na mbili na nakala. Nina kipimajoto cha nyama cha mama yako, ambacho amekitafuta jikoni tangu Julai na mimi nikamsaidia kutafuta. Vyote viko kwenye mfuko mmoja.

Nimekaa chini ya kiunzi nimehesabu tena. Bado sitini na saba.

Siku nyingi nimeogopa kitu kuanguka. Leo ni mara ya kwanza naogopa kwamba hakitaanguka, halafu watakiangusha wao.

F.


Alby, 6 Oktoba 2024

Mama Olive,

Leo nakuita kama nilivyomwita mama yangu, uliyerithi jina lake, maana unalistahili, na maana nina furaha na sitaki kuificha halafu uulize kalamu ina nini.

Ile simu ya Ijumaa, mama yako alipokupa habari halafu akanipa mimi: hiyo ni ya kumi na mbili, na nimeiandika upande wa zile zisizokatwa. Lakini simu haina nafasi ya namba. Sikiliza sasa ilivyokuwa.

Tereza ni mwanamke mfupi mwenye buti za kazi zilizochakaa. Nilipoona buti nikapata pumzi. Anton alikuwepo na karatasi ya maabara kwenye jalada, hajaifungua. Tereza akaniuliza swali lile lile: umechanganyaje? Nikampa daftari. Michanganyo kumi na tisa, kila mmoja na tarehe yake. Chokaa mawe ndoo moja, mchanga ndoo tatu, maji kiasi gani, hewa ya asubuhi nyuzi ngapi, na mchanganyo ulichemka hadi nyuzi ngapi. Akakomea kwenye wa saba. "Tisini na nne. Ulipima na nini?" Nikatoa kipimajoto cha nyama. Alikishika muda, akakirudisha kwa mikono miwili.

Halafu akaweka picha zako mezani, yaani juu ya pipa, akachukua kioo chake cha kukuzia akaangalia za kwako, akaenda akaangalia langu, akarudi kwa zako. Ile ya nne, yenye thelathini na moja, alikwenda nayo hadi ukutani akaishikilia kando ya tao. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwa ya ukaguzi tena.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Janvier, kule Bukavu."

"Na yeye?"

"Ndugu mmoja wa misheni, mzee kutoka Ulaya."

"Na huyo mzee?"

Nikasema, "Hapo muulize binti yangu, yuko huko huko wanakotoka."

Ndipo akamwambia Anton afungue jalada. Maabara wanasema mchanganyo ni imara, umefungana vizuri na tofali, na madonge ni chokaa hai, ile inayoziba ufa. Siku ishirini na nne nimengoja, Olive. Karatasi ile ilifika Alhamisi; siku moja kati ya hizo ishirini na nne ilikaa kwenye gari la Anton. Hilo nimelisema mbele ya wote na sijutii.

Anton akaniambia, "Fidèle, nilikosea. Mimi nimelelewa na mifuko. Unafungua, unatia maji, basi. Sijawahi kuona inayochemka." Ni kijana wa miaka thelathini na mbili, angeweza kusema maneno mengine. Kwa hiyo na mimi nikasema langu: kwamba aliponiuliza nilijibu "vizuri", na hilo siyo jibu la fundi, ni jibu la mtu aliyenuna. Pipa la kuchemshia nilikuwa nimelificha nyuma ya banda, nikiogopa wakiona moshi watanikataza kabla sijaanza. Nimejibebesha mwenyewe nusu ya mzigo. Labda theluthi.

Jana, Jumamosi, tukatoa mbao. Nilisema nitasimama chini. Tereza akakataa, sheria ya hapa haitaki mashujaa, haruhusiwi hata paka. Kabari za mbao chini ya kiunzi zilikuwa nane. Nilizilegeza moja moja, robo inchi, nazunguka, narudi, robo inchi. Pembeni ya mamamkwe nilibandika karatasi yenye mistari ya penseli ya kupimia. Raundi ya tatu tao likaguna. Anton alishika mkono wa mchungaji Eliud bila kujua ameshika. Likateremka milimita mbili. Nikasubiri dakika kumi kwa saa. Milimita mbili zile zile. Nikavuta kiunzi chote nje, na pale palipokuwa na mbao pakabaki mwanga.

Sikuweza kuhesabu chochote kwa muda kidogo. Mama yako anasema ilikuwa dakika moja, mimi sijui.

Yeye alikuwa ameshaingia. Kabla sijasema tayari, alikuwa ameweka mkeka katikati ya mlango, sufuria la bugali, sombe ya muhogo, samaki wa ndagala, na sahani kumi. Akakaa chini ya mamamkwe kama yuko sebuleni kwake Alby. "Papa Olive, kaa, chakula kinapoa." Tereza akakaa, akala sombe mara mbili, akauliza ni majani gani. Anton alisimama nje na sahani yake. Mama yako akamwambia, "Anton, nje kuna upepo. Ingia ndani na hofu yako, utaimalizia huku." Akaingia. Tulikula hadi sufuria likaisha. Hilo ni tao langu la tano, na la kwanza nililokula nikiwa na njaa kweli. Nilikuwa sijala sawasawa tangu tarehe tatu ya mwezi uliopita.

Ubao umerudi kwenye uzio. Na najua nani alikuandikia. Kwenye droo kulikuwa na stempu sita, nilitumia moja, zikabaki nne. Sijamwambia kitu. Usimwambie najua.

Sasa mikono yako.

Nilisema kwa kirefu, lakini nimeandika kurasa tatu na kuzichana. Niliamini nimekutoa kwenye chokaa, kumbe nilikupandisha mabegani nikakuonyesha. Kama ningetaka usione, ningekuacha chini. Hiyo hesabu ni yangu mwenyewe na nimeikubali. Basi sikiliza fundi mwenzako. Pipa huliinulii mfuniko mpaka uweke kiganja ubavuni na uweze kuhesabu hadi kumi bila kukiondoa. Miwani kila siku, hata siku ya kubeba ndoo. Ikikurukia, maji ya bomba, mengi, dakika ishirini kwa saa siyo kwa kukisia. Ndani ya kifurushi hiki kuna glovu jozi tatu. Nilinunua kwa kipimo cha mkono wa mama yako, kwa sababu wako unalingana na wake tangu una miaka kumi na tano. Msalimie huyo Kamila. Mwambie kuna mtu Stockholm anauliza mchanga wake anauchekecha kwa wavu gani.

Mei kuna mlango wa pili, upande wa bustani. Mita mbili na sentimita arobaini. Tofali hamsini na moja, nimeshapiga hesabu, lakini ipige tena wewe, na ukipata namba nyingine tutabishana uso kwa uso. Nahitaji fundi wa pili anayejua chokaa inayochemka. Katika mji huu namjua mmoja tu, na hayupo.

Kitu cha mwisho. Hizo habari zako za mihuri zilinikaa kichwani. Jana watu walipoondoka nilipanda ngazi upande wa ndani, ambako chokaa ya kujazia mistari kati ya matofali nilikuwa naimalizia, na kwa msumari nikaandika kwenye mstari ulio kushoto kwa mamamkwe, ikiwa bado laini: JANVIER. Yeye alijenga makanisa na hakuna jina lake popote. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaweka langu. Tereza aliangalia upande mwingine. Alikuwa na simu muhimu sana ya kupiga.

Mstari wa kulia sijaujaza. Umebaki wazi, na humo ndani hakuna baridi, utasubiri hadi Mei. Una sentimita tisa. Jina lako lina herufi tano. Nimegawanya. Linaingia.

Baba yako,
Fidèle